Kikohozi nilikipatia ughaibuni

Ukiwaambia watu wa nyumbani kwamba kazi yako huku ni shamba la ng'ombe wa maziwa, wanawaza mashine zinazokamua zenyewe na wewe umevaa koti jeupe. Mashine zipo. Ila kikohozi nilicho nacho leo sikutoka nacho kwetu.

Kwetu zizi ni nguzo na mabati, upepo unapita utakavyo. Huku baridi ikianza milango inafungwa, na ng'ombe mia kadhaa wanavuta hewa ile ile unayovuta wewe. Halafu inakuja mashine ya kupulizia majani makavu ya kulalia. Jua likipenya dirishani, mwale wake unasimama kwenye vumbi kama ubao, utadhani unaweza kuuegemea.

Na vumbi hilo unaloliona ndilo lenye nafuu. Linanaswa puani, unapenga kamasi jeusi, basi. Linaloshuka hadi mwisho wa mapafu ni lile la chembe zisizofika hata maikromita 5 (maikromita ni milimita ukiigawa mara elfu), zilizobeba kuvu, bakteria na sumu zao. Majani yakifungwa robota yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, yanapata joto ndani kwa ndani na kuota kuvu. Ukikata kamba, robota linafuka kama moshi.

Nilikata la namna hiyo mchana mmoja. Baada ya muda wa saa sita hivi nikashikwa na homa, nikatetemeka, kifua kikabana. Nyumbani ningesema malaria, ningemeza dawa. Na kwa kuwa homa hii mara nyingi hupoa yenyewe ukikaa mbali na vumbi, ningeapa dawa imenitibu, kisha ningerudi kwenye marobota. Huku daktari aliniuliza kwanza: jana ulishika nini? Ugonjwa huo huitwa pafu la mkulima, na Uingereza ulielezwa na daktari Campbell mwaka 1932. Ukiurudia miaka na miaka, mapafu yanapata makovu, nayo hayafutiki.

Kwa swali lile naivulia ughaibuni kofia. Kwa mengine, hapana. Barakoa zilijaa kwenye boksi na hakuna aliyezivaa, maana msimamizi alidai zinachelewesha kazi. Barakoa ya FFP2, yaani daraja mojawapo la Ulaya la barakoa za kuchuja vumbi, huchuja angalau asilimia 94 ya chembe, mradi ishike uso sawasawa. Ndevu zangu nimezinyoa kwa ajili hiyo (hilo liliniuma kuliko homa). Leso ya kujifunga puani, tuliyoizoea kwetu, inazuia mabua tu.

Mdogo wangu kule nyumbani ana ng'ombe wanne, anataka nimtumie mashine ya kukamulia. Nimemwambia kwanza aezeke ghala, ainue marobota kutoka sakafuni, ayanyunyizie maji kabla ya kuyatikisa, na akitikisa asimame upande unakotokea upepo.

"Kaka, umeenda mbali kote huko kujifunza kulowesha majani?"

Ndiyo, nikamjibu. Na uloweshe ya kulisha leo tu, ukilowesha ya kesho yataota kuvu.