Daftari la mangi na vita vya Marekani

Tarehe 28 Mei 2003, miezi miwili na ushee tangu makombora ya kwanza yaangukie Baghdad, Rais George W. Bush alitia saini sheria ya kupunguza kodi. Askari wako Iraq, wengine wako Afghanistan, na mlipakodi anaambiwa mzigo wake umepungua. Kwangu mimi siku ile inaieleza nguvu ya Marekani kuliko picha za sanamu ya Saddam Hussein ikiangushwa.

Wapo wanaosema vita ndivyo vilivyoitajirisha Marekani, na wapo wanaosema vita ndivyo vitakavyoifilisi. Kila upande una ushahidi wake. Ila wote hubishana juu ya vita viligharimu kiasi gani, wakasahau kuuliza ni nani aliyetoa hizo fedha, na alizitoa lini.

Tuanze na wanaosifu. Mwaka 1940 Wamarekani zaidi ya 14 katika kila 100 wenye kutafuta kazi hawakuwa nayo. Kufikia 1944 walibaki kama mmoja. Viwanda vya Detroit viliacha magari vikatoa vifaru na ndege, na hakuna bomu lililovigusa. Julai 1944, kabla hata Vita vya Pili vya Dunia havijaisha, mataifa 44 yalikutana Bretton Woods, Marekani, na dola ikawekwa katikati ya biashara ya dunia, wakia moja ya dhahabu kwa dola 35. Hapo hakuna ubishi: Marekani ilitoka vitani ikiwa tajiri kuliko wote.

Lakini wanaosimulia hivyo huruka ukurasa mmoja. Mwaka huohuo wa 1944 kodi ya juu kabisa ya mapato ilifika asilimia 94. Wamarekani milioni 85 walinunua hatifungani za vita, yaani waliikopesha serikali fedha zao. Sukari, matairi na petroli vilipatikana kwa mgawo. Karibu nusu ya gharama ya vita ililipwa kwa kodi wakati vita vyenyewe vinaendelea. Kila nyumba iliguswa mfukoni, kwa hiyo kila nyumba ilitaka kujua vitaisha lini.

Vietnam ndipo mambo yalipoharibika. Rais Lyndon Johnson alitaka vita na alitaka pia mipango yake ya kuinua maskini, na hakutaka kuwaambia wapigakura bei ya vyote viwili. Kodi ya nyongeza ya asilimia 10 ilikuja 1968, imechelewa. Bei zilikuwa zimeshapanda, dola zimezagaa nje, na Charles de Gaulle wa Ufaransa alikuwa ameshaanza kubadilisha zake kwa dhahabu. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon akafunga dirisha: dola haibadilishwi tena kwa dhahabu.

Huo ndio ushahidi mkuu wa wanaotabiri anguko. Ila utabiri wao ulikwama, maana dola haikufa. Mafuta yaliendelea kuuzwa kwa dola, na benki kuu za dunia zikaendelea kuziweka kama akiba. Aliyewahi kukopa unga na sabuni kwa mangi wa mtaani kwake anajua daftari lilivyo: unaandikiwa, mwisho wa mwezi unalipa, ukikwama unazunguka njia ya nyuma. Marekani ni mteja ambaye daftari ni lake na kalamu ni yake. Inadaiwa kwa fedha inayoitoa yenyewe.

Ndiyo maana silinganishi hali yake na ya Uingereza ya 1956, kama wengi wapendavyo. Mwaka ule Uingereza, Ufaransa na Israel zilivamia Misri baada ya Gamal Abdel Nasser kutaifisha Mfereji wa Suez. Rais Eisenhower wa Marekani hakufyatua hata risasi moja. Alikataa kuitegemeza pauni na akaiziba njia ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, hadi Waingereza wakafungasha. Mtu anaweza kusema Marekani haijawahi kuwa na nguvu kama siku ile iliyoshinda bila vita. Lakini Uingereza ilikuwa inahitaji dola ya mwenzake. Washington leo haina wa kuifanyia hivyo.

Je, basi vita vya mkopo havina madhara? Hapo ndipo ninapoachana na wanaosifu. Mwaka 2002 Lawrence Lindsey, mshauri wa uchumi wa Bush, alikadiria kuwa vita vya Iraq vingekula dola bilioni 100 hadi 200. Wenzake serikalini waliiona hesabu hiyo imezidi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameondoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown baadaye walikadiria vita vyote vilivyofuata Septemba 11 kuwa takriban dola trilioni 8, pamoja na matunzo ya askari wastaafu kwa miaka ijayo. Deni la taifa lilikuwa chini ya trilioni 6 mwaka 2001. Mwaka 2025 lilipita trilioni 38.

Haki itendeke: sehemu kubwa ya deni hilo si ya vita. Ni pensheni, matibabu ya wazee, msukosuko wa 2008, korona, na hizohizo kodi zilizopunguzwa. Jeshi leo linakula kama asilimia 3 ya pato la taifa, wakati 1968 lilikula 9. Hata hivyo mwaka wa fedha 2024 riba ya deni ilizidi bajeti ya ulinzi, na baada ya Marekani na washirika wake kuzizuia akiba za fedha za Urusi 2022, benki kuu za dunia zilinunua dhahabu zaidi ya tani 1,000 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024. Wateja wameanza kuchungulia duka la pili. Hawajahama.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimo kwenye vitabu vya hesabu. Dola inafanya vita kuwa rahisi kuvianzisha, na visivyomuuma mpigakura mfukoni havina wa kuvisimamisha. Mara ya mwisho Bunge la Marekani kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungary na Romania. Oktoba mwaka huohuo likapitisha sheria iliyowaingiza mamilioni ya wafanyakazi wa kawaida kwenye kodi ya mapato.

Mwaka 2009 mbunge David Obey wa Wisconsin, aliyeongoza kamati ya matumizi ya Baraza la Wawakilishi, alipendekeza kodi maalumu ili Wamarekani wavilipie vita vya Afghanistan papo kwa papo. Muswada wake haukufika popote. Askari wa mwisho aliondoka Kabul tarehe 30 Agosti 2021.