Aliyechoshwa na The Stand hakukosa subira

Wasomaji wa hapa Dodoma wakianza kubishana kuhusu The Stand, riwaya ya Mmarekani Stephen King, mjadala huishia palepale. Anayesema ameimaliza na haikumridhisha huambiwa hana subira, amezoea vitu vifupi vya kwenye simu. Hukumu hiyo ni ya kumwonea mtu. Mtu aliyevumilia zaidi ya kurasa 1,100 za Kiingereza anastahili kuulizwa kilichomkera ni nini.

Riwaya ilitoka mwaka 1978 ikiwa imepunguzwa, kisha ikarudi mwaka 1990 na mamia ya kurasa zilizokuwa zimekatwa. Virusi vya mafua vinatoroka kituo cha jeshi la Marekani na kuua karibu kila mtu. Waliobaki wanavutwa na ndoto: wengine kwa Mama Abagail, bibi mcha Mungu mwenye miaka 108, na wengine kwa Randall Flagg, mtu mwovu aliyeweka makao Las Vegas.

Watetezi wa urefu wake wana hoja, na ya kwanza ni nzito. King mwenyewe ameeleza kuwa kurasa zile zilikatwa kwa sababu ya gharama, wala si kwa sababu hazikufaa. Tena ipo sura moja ambayo kitabu kifupi kisingekuwa na nafasi nayo. Inawafuata watu waliopona mafua kisha wakafa hivi hivi tu: mtoto mdogo anatumbukia kisimani, mwanamke anajifungia kwa bahati mbaya ndani ya chumba cha baridi. Hakuna mhusika mkuu hata mmoja, hakuna kinachosogezwa mbele. Ni vifo vya watu ambao wangepona kama pangekuwa na jirani wa kuitikia ukelele. Nimeisoma mara kadhaa na bado inanigusa.

Kwa hiyo tukubaliane kwamba urefu peke yake si kosa. Hata sehemu ya katikati, ambayo wengi huiita ya kuchosha, mimi naiona ndiyo bora. Watu wanakusanyika Boulder, Colorado, wanaunda kamati, wanaandika mihtasari ya vikao, wanazika maiti waliojaa majumbani. Mafundi wanahangaika kurudisha umeme, na wanapouwasha mitambo inazidiwa, kwa sababu wenye nyumba walikufa wakiacha vifaa vyao vimewashwa. Inabidi watu wapite nyumba kwa nyumba wakizima swichi. Ukiishi kwenye mji unaotegemea visima virefu vya Mzakwe, ambako umeme ukikatika pampu nazo zinasimama, hutaiona habari hiyo kuwa ndogo. Ndipo unapojiuliza swali kubwa la kitabu: watu wasiojuana wanaanzaje kuishi pamoja, nani aamue, na kwa mamlaka ya nani?

Kero ya kwanza ya msomaji wa huku inatokana na hesabu. Mafua ya kitabuni yanaua asilimia 99.4. Nimeigeuza namba hiyo kila upande. Sensa ya 2022 iliuhesabia mkoa wa Dodoma watu 3,085,625. Toa asilimia hiyo, wanabaki kama 18,500, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa, karibu mtu mmoja kwa kila kilomita mbili za mraba. Tatizo kubwa zaidi liko ndani ya nyumba. Kama kinga inagawiwa kwa bahati tu, familia ya watu watano inayobakiza hata wawili ni kama moja kati ya 2,800. Maana yake, namba hiyo inafuta ukoo. Hakuna shemeji wa kumdai ng'ombe, hakuna mjomba wa kukataa kumpokea mtoto wa dada yake, hakuna mgogoro wa shamba. Kila aliyepona anaanza upya, mikono mitupu na moyo mwepesi, huku maduka yamejaa vyakula vya makopo.

Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, iliwahi kupita kwenye mwisho wa dunia wa kwake, nao haukuwa hivyo. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, inakadiriwa kuua watu 30,000 kati ya 150,000. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana, na mafua ya dunia nzima yakapita wakati watu wamekwisha dhoofu. Alikufa mmoja kati ya watano. Wale wanne walibaki na yote: madeni, ndugu, wakubwa wa serikali, ghala tupu, na safari za kwenda kuhemea kwa watu ambao nao walikuwa na shida zao. Huko ndiko maswali ya Boulder yanakouma kwelikweli, kwa sababu kila uamuzi unamgusa mtu unayemjua. Mtu aliyekulia kwenye simulizi za njaa ana haki ya kuona kwamba King, kwa kuua wengi mno, amejirahisishia kazi.

Kero ya pili ni mwisho. Wanaume wanne wanatoka Boulder kwa miguu kwenda kumkabili Flagg. Mmoja anavunjika mguu njiani, watatu wanafika, wanakamatwa. Kisha mkono wa Mungu unatokea angani na kulipua bomu la nyuklia ambalo mfuasi wa Flagg mwenyewe amelileta mjini. Watetezi husema hii ni habari ya imani na sadaka, na kwamba anayeamini miujiza hawezi kulalamika. Wengi wa wanaolalamika hapa mjini wanasali kila wiki, na muujiza hauwapi shida. Shida yao ni kwamba mamia ya kurasa yaliuliza jinsi watu watakavyojitawala, na bomu halijibu swali hilo.

Na King alilijua. Baada ya Las Vegas kuteketea, Boulder imekua, watu hawafahamiani tena, na msimamizi mpya wa usalama anataka vijana wake wabebe bunduki. Stu, yule aliyevunjika mguu, na mwenzi wake Frannie wanalisikia jambo hilo, linawasumbua, wanafunga mizigo na kwenda jimbo la Maine. Limepewa kurasa chache tu. Mkutano wa kujadili bunduki zile, nani aliunga mkono, nani alisimama kupinga na jirani yake akamjibu nini, ndio niliotaka kuusoma, na ningeusubiri kurasa nyingine 300.