Kukaza mdomo wa juu: msemo wa Mwingereza au wa Mmarekani?

Kuna ubishi nimeukuta mara nyingi, kwamba "stiff upper lip", yani kukaza mdomo wa juu, ule msemo wa kumwambia mtu ajikaze asilie mbele za watu, ni mali ya Waingereza tangu enzi na enzi. Wengine wanakuja juu, hapana, umezaliwa Marekani. Mi naona kila upande umeshika kipande, ila wa Marekani wameshika kikubwa zaidi.

Tuanze na maandishi. Mwaka 1815 gazeti la Massachusetts Spy, hukohuko Marekani, lina mtu anasimulia kwamba alikaza mdomo wa juu akaenda kununua leseni ya kuuza bidhaa zake. Hapo hakuna msiba wala machozi, ni mchuuzi tu kapiga moyo konde. Na Waingereza wa enzi hizo walikuwa wanalia hadharani, 1791 mwanasiasa Charles James Fox alibubujikwa machozi mlemle bungeni pale mbunge mwenzake Edmund Burke aliposema urafiki wao basi, na 1805 Nelson, amiri wa jeshi lao la majini, akiwa anakata roho melini kwenye vita vya Trafalgar alimuomba nahodha wake Hardy ambusu. Huyo ndo shujaa wao mkubwa kabisa.

Kuna nadharia ya masharubu pia, eti jeshi la Uingereza lilikataza askari kunyoa mdomo wa juu ndo msemo ukaja. Sheria ilikuwepo kweli, 1860 mpaka 1916, lakini hesabu inakataa, 1860 msemo ulishapita miaka 40. Alafu jiangalie kwenye kioo siku kilio kimekubana, kinachoanza kutetemeka ni mdomo wa chini na kidevu. Ndo maana naamini mwanzoni haukuwa msemo wa kulia kabisa, ulikuwa wa ujasiri.

Sasa wanaotetea Uingereza nao wasikilizwe. Tabia yenyewe wameijenga wao, kwenye zile shule za bweni za karne ya 19 ambako mtoto wa kiume akilia anaonekana dhaifu, mpaka 1872 mwanasayansi Darwin anaandika kwamba Waingereza wanaume hawalii ovyo isipokuwa wamezidiwa na huzuni, na 1912 Oates, mmoja wa msafara wa Waingereza kwenda Ncha ya Kusini, anatoka nje ya hema kwenye barafu ya Antaktika aende kufa, anawaaga wenzake kama mtu anayetoka mara moja tu. Kwahiyo neno la kupokea, tabia yao.

Ila maana ya kuzuia kilio sikubali kwamba Waingereza ndo waliileta. Tayari ipo kwa Mmarekani Harriet Beecher Stowe, kwenye riwaya yake ya 1852 kuhusu mtumwa Tom. Tom kauzwa, anapelekwa kusini, kaacha mke na watoto. George, mtoto wa bwana aliyemuuza, anamkimbilia njiani, anamvalisha dola yenye kamba shingoni, anaapa atamfuata, kisha anamuaga kwa maneno hayohayo, kaza mdomo wa juu. Kijana anampenda kweli, sina shaka. Lakini mstari huo unaniuma kila nikiusoma, maana anayeambiwa ajikaze ndo aliyeuzwa, na anayemwambia anapanda farasi anarudi nyumbani kwao.