Python, tupeni ?. peke yake

Wiki hii mwenye mzigo alipiga simu ofisini kwetu Moi Avenue, hasira zimempanda. Kontena lake limekaa Kilindini, ada za kuhifadhi zinaongezeka kila siku, na ujumbe ambao mfumo ulipaswa kumtumia haukumfikia. "Mwanangu, mbona hamkunambia?"

Tulipofungua msimbo tukakuta `mzigo.mteja.smu` badala ya `simu`, ndani ya `try`, na chini yake `except AttributeError: pass`, yaani "jaribu; sifa hiyo isipopatikana, pita kimya". Herufi moja imeruka, kosa limemezwa kimya, na mzee wa watu analipa.

Rahisi kusema aliyeandika ni mzembe. Mimi nailaumu lugha ya programu yenyewe, Python. Mizigo mingine kweli haina mteja aliyesajiliwa bado, ni hali ya kawaida. Kulisema hilo kwa Python lazima uandike `if mzigo.mteja is not None` (`None` ni "hakuna kitu"), kisha hivyo hivyo kwa kila hatua inayofuata, hadi mstari unavuka skrini. Mtu akichoka hukimbilia `try`, au `getattr` (huchukua sifa kwa jina lake) yenye `None` kama jibu la akiba, nayo humeza makosa ya herufi vile vile.

Sasa tazama alama ninayoiomba, `?.`, ambayo Python haina: `mzigo.mteja?.simu`. Mteja asipokuwepo, jibu ni `None` na kazi inaendelea. Mteja akiwepo nawe umeandika `smu`, programu inalia papo hapo. Na kwa kuwa alama haikuwekwa baada ya `mzigo`, mzigo wenyewe ukikosekana inalia pia, kama inavyotakiwa! Anayekagua anaona kwa macho yake wapi pengo limeruhusiwa na wapi ni kosa. `except` haiwezi kumwonyesha hilo hata kidogo.

Lugha ya C# iliipata 2015, JavaScript 2020. Pendekezo rasmi la kuiingiza kwenye Python, liitwalo PEP 505, liliandikwa 2015 hiyo hiyo na mpaka leo limeahirishwa.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo watakaoipachika kila penye nukta. Na ugomvi wa `:=` (alama ya kuipa jina thamani katikati ya mstari) mwaka 2018, uliomfanya Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, ang'atuke uongozini, umewaachia watu woga wa alama mpya. Nawaelewa.

Basi punguzeni mzigo. Pamoja na `?.`, PEP 505 imebeba `??` (thamani mbadala penye `None`), `??=` (kujaza penye `None`) na `?[]` (kama `?.`, ila kwa mabano). Hizo zingoje. Kwenye kamusi za Python (`dict`) tuna `.get`, na penye `??` mara nyingi `or` hutuvusha, ingawa sifuri huiponza kwa kuhesabiwa kama pengo. Leteni `?.` peke yake, ijadiliwe peke yake.