RLIMIT_RSS imekwisha muda wake, istaafishwe

Fungua terminali ya Linux, andika `ulimit -m 512000`, kisha uliza kikomo sasa ni kipi. Utajibiwa 512000, kwa hesabu ya kilobaiti, na ukisoma faili ya /proc/self/limits utaikuta thamani hiyo hiyo imeandikwa kwa baiti, 524288000, imekaa vizuri kwenye safu yake. Sasa endesha hapo hapo programu inayokula gigabaiti 3 za RAM. Itazila zote bila kuulizwa neno.

Kikomo hicho, ambacho jina lake ndani ya Linux ni RLIMIT_RSS, kilikusudiwa kudhibiti kiasi cha RAM ambacho mchakato mmoja (programu inayoendeshwa) unaweza kukishikilia. Kwa mujibu wa mwongozo wa setrlimit, wito ambao programu hutumia kuweka vikomo hivi, katika Linux kilikuwa na athari kwenye matoleo ya 2.4 yaliyotangulia 2.4.30 tu, na hata huko kiligusa matumizi mamoja finyu ya madvise, wito wa kuishauri Linux jinsi kumbukumbu itakavyotumika. Tangu hapo kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huipokea namba, huihifadhi na huirithisha kwa michakato inayozaliwa, lakini haiifanyii kazi.

Niliwahi kukabidhiwa seva ambayo mtangulizi wangu alikuwa ameweka mstari wa rss katika limits.conf, faili ya kuwekea watumiaji vikomo kama hivi, akaamini amemaliza. Mwongozo wa faili hiyo unasema wazi kwamba mstari huo hupuuzwa, ila nani hurudi kwenye mwongozo wakati mpangilio umekubaliwa kimya kimya? Tuliujua ukweli siku RAM ilipokwisha na kerneli ikaanza kuua michakato.

Wanaokitetea kikomo hiki wana hoja nzito: kerneli haipaswi kuvunja programu zilizokwisha kuandikwa, na skripti za zamani zinazokiweka zikirudishiwa kosa ghafla, huenda huduma zikagoma kuwaka. Nakubali, lakini kustaafisha si kufuta. Namba yake ya utambulisho ndani ya kerneli ibaki imetengwa, wito uendelee kufaulu, ila kerneli iandike onyo kwenye logi mara ya kwanza mtu anapokiweka.

Onyo hilo limtaje mrithi, yaani memory.max, kikomo cha kumbukumbu cha cgroup (utaratibu wa kerneli wa kudhibiti rasilimali za makundi ya michakato) toleo la 2, ambalo lilitangazwa rasmi katika Linux 4.5 mwaka 2016. Si mbadala kamili, kwa kuwa hupima kundi zima la michakato na kuhesabu hata kurasa za faili zilizohifadhiwa kwenye RAM, lakini kikomo hicho kikivukwa, kerneli huchukua hatua. Anayekimbilia `ulimit -v` ajue kuwa hiyo hupima anwani za kumbukumbu zilizotengwa, hata zisizowahi kuguswa.