Posho ya John Caesar

Tarehe 29 Januari 1796, Gavana John Hunter wa New South Wales, koloni la Waingereza huko Australia, alitangaza zawadi: atakayemkamata mfungwa John Caesar na kumleta pamoja na silaha yake atapewa galoni 5 za pombe kali. Mwezi haukuisha. Mtu mmoja aitwaye Wimbow na mwenzake walimsaka siku kadhaa, wakagundua kichaka anachoingia jioni, wakajibanza pembeni usiku kucha. Asubuhi ya tarehe 15 Februari Caesar alitoka, akaangaza huku na huku, akawaona, akainua gobore. Wimbow akamtangulia kufyatua. Wakambeba hadi kibanda cha mlowezi mmoja, na huko akafa saa chache baadaye. Mahali penyewe paliitwa Liberty Plains, yaani Nyika za Uhuru. Sijatia chumvi.

Historia ya Australia inamtaja Caesar kama jambazi wa kwanza wa msituni, na siku hizi wapo wanaopenda kumvika ushujaa, mtu mweusi aliyewagomea Waingereza. Mimi sina haraka na majina hayo yote mawili. Nikiyafuata maisha yake hatua kwa hatua, kinachonijia mbele kila mara ni njaa.

Alizaliwa yapata mwaka 1763. Wapo wanaosema ni mtu wa visiwa vya Karibi, na wapo wanaosema ni wa Madagascar, Bukini ya wazee wetu wa pwani. Jina Caesar ni la aina ambayo mabwana walipenda kuwapachika watumwa wao. Mwaka 1786 alikuwa mtumishi kule Deptford, kando ya mto Thames, na Machi mwaka huo mahakama ya Maidstone ilimtia hatiani kwa kuiba shilingi 240 ndani ya nyumba. Tusimpambe: hizo ni pauni 12, si kipande cha mkate. Akapewa miaka 7 ng'ambo.

Hiyo ng'ambo ilikuwa bado haipo. Kwa miaka mingi Uingereza iliwamwaga wahalifu wake katika makoloni ya Marekani, mpaka makoloni yale yakaasi na mlango ukafungwa. Jela zikafurika, wengine wakasokomezwa ndani ya meli chakavu zilizofungwa mtoni. Ndipo serikali ikachagua pwani ya mbali ambayo nahodha Cook aliwahi kuifikia mwaka 1770, ikapeleka meli 11. Ziliondoka Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, zikapitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, zikafika Januari 1788. Caesar alikuwa ndani ya Alexander. Hakuwa mtu mweusi peke yake katika msafara ule.

Waliofika hawakukuta shamba lolote la kuwalisha, na ngano waliyopanda haikustawi. Wakawa wanaishi kwa nyama ya chumvi na unga uliotoka na meli, kila mtu na kipimo chake cha wiki. Mwezi mmoja tu baada ya kushuka Sydney, mfungwa Thomas Barrett alinyongwa kwa kuiba chakula cha ghala. Machi 1789 wakanyongwa wanajeshi 6 kwa kosa hilohilo. Wanajeshi, waliopelekwa kulinda ghala lenyewe!

Mengi tunayoyajua kuhusu Caesar yameandikwa na David Collins, afisa aliyesimamia mahakama za koloni. Collins anasema Caesar alijulikana kuwa mfungwa mchapakazi kuliko wote nchini, mwili umejaa misuli, na kwamba kwa siku moja aliweza kumaliza posho ya siku 2. Anasema pia kwamba wizi wake wote ulikuwa wa kujaza tumbo. Katika maelezo hayohayo anamwita mtu ambaye kwa akili hakupishana sana na mnyama. Hapa ndipo ninapogombana na Collins. Ameshika ushahidi wote mkononi: kazi nyingi, mwili mkubwa, kipimo kilekile cha unga anachopewa mtu mdogo wa ofisini. Anashindwa kujumlisha.

Aprili 1789 Caesar alishitakiwa tena kwa wizi, safari hii akapewa kifungo cha maisha. Wiki mbili baadaye akaingia msituni na chakula kidogo, chungu cha chuma na gobore la askari. Alikamatwa Juni. Alipokuwa kizuizini alitamba kwamba wakimnyonga atamchezea mnyongaji mzaha, watu wacheke kabla hajaning'inia. Gavana wa wakati huo, Phillip, aliona kumnyonga mtu wa namna hiyo hakutamtisha yeyote. Akampeleka kisiwa cha Garden kufanya kazi kwa pingu, na akaagiza kwamba juu ya posho yake apewe mboga za bustanini. Soma tena agizo hilo. Mkubwa wa koloni alijua ugonjwa ni nini. Alichokosa ni chakula cha kutosha cha kuutibu.

Pingu zilipofunguliwa, Caesar aliondoka Desemba kwa mtumbwi wa wizi, akapata gobore jingine. Na sasa wale wanaotaka shujaa wavumilie kidogo. Alijilisha kwa kuwavamia wenyeji wa nchi ile. Akiwaona wamekaa na chakula motoni, aliwatokea ghafla na gobore, wakikimbia yeye anakula. Watu hao walikuwa wamenyang'anywa pwani yao, na mwaka uleule ndui ilikuwa imewafyeka. Gobore lilipompotea wakamchoma mikuki, akarudi kambini na majeraha mwishoni mwa Januari 1790. Miaka kadhaa baadaye alimjeruhi vibaya kichwani Pemulwuy, mpiganaji aliyeongoza upinzani dhidi ya walowezi, na wakoloni wakampongeza kwa hilo. Mtu aliyeonewa anaweza kuwaonea wengine vizuri sana, na Caesar hakuwa wa kwanza.

Lakini kipindi kinachonivutia zaidi ndicho kinachosimuliwa kwa ufupi kuliko vyote. Machi 1790 Phillip alimsamehe, akampeleka kisiwa cha Norfolk. Kufikia Julai 1791 Caesar alikuwa na kiwanja Queenborough, akijitegemea kwa chakula, na alipewa nguruwe. Januari 1792 akapewa ekari moja, kwa sharti la kuitumikia serikali siku 3 kwa wiki. Machi akazaliwa binti yake, Mary Ann, mama yake akiwa mfungwa mwenzake. Hapo hatusikii gobore wala mtumbwi. Tunasikia ekari, nguruwe na mtoto, na sishangai kwamba waandishi wa koloni waliona hakuna cha kusimulia.

Mwaka 1793 akarudishwa Port Jackson, bandari ya Sydney, mama na mtoto wakabaki kisiwani. Ukiniuliza mimi, kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki ni safari hiyo moja ya meli, na hakuna mahakama iliyomhukumu mtu kwa ajili yake. Julai 1794 Caesar alikuwa msituni tena. Walipomkamata wakamchapa viboko vikali, naye akasema kwamba vyote hivyo havitamfanya awe mtu mwema zaidi. Collins aliyaandika maneno hayo kama uthibitisho wa ukaidi. Mimi nayachukua kama jibu la mtu aliyekuwa ameshaonja viboko, pingu, bustani na ekari yake mwenyewe, na aliyejua kipi kati ya hivyo kilimfaa.