Kurekodi ni Kimoja, Kuchapisha ni Kingine

Tuchukue sentensi mbili za kubuni. Ya kwanza: "Anauza samaki wa kukaanga Mwanza." Ya pili: "Anakaanga sangara pembeni ya ngazi za mawe zinazopanda kilimani Mabatini, anawasha jiko saa kumi na moja jioni, na wateja wake wakubwa ni makonda wa daladala za Igoma." Ya kwanza haina mtu ndani yake. Ya pili ina mtu kamili, na kabla ya isha yeyote anayeijua Mabatini atakuwa ameshampata.

Huo ndio ugumu wa kuandika maisha ya kila siku ya watu wa transi, yaani wanaojiona kuwa wa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, na ya wale wasiojiona kuwa wanaume wala wanawake. Undani ndio unaofanya simulizi iaminike, na undani huohuo ndio unaomtoa msimulizi hadharani.

Wanaotetea kazi hii wana hoja nzito. Kwa sasa kumbukumbu nyingi zilizopo kuhusu watu hawa ni za aina tatu: jalada la polisi, umbea wa mitandaoni na ripoti za miradi ya afya. Hakuna hata moja inayoeleza mtu anapangaje chumba, anasukwa wapi nywele, anaketi upande gani msikitini au kanisani, anafanya nini mama yake mzazi akipiga simu na kumwita kwa jina la zamani. Jamii ikikosa hayo, hujaza pengo kwa katuni. Wanaopinga wana hoja nzito vilevile, na si zote zinatokana na chuki. Baadhi ya wapingaji wakali ni watu wa transi wenyewe, ambao wameona simulizi zao zikichukuliwa na mgeni wa siku tatu, zikapambwa, zikatumika kuombea fedha, na wao wakabaki mtaani na majirani walioitambua sauti.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Magazeti hupenda kuandika "aliyebadili jinsia", na msomaji mara moja hufikiria kisu cha daktari. Wengi hawajafanyiwa upasuaji wowote, na wengine hawautaki. "Shoga" linamchanganya mtu wa transi na mwanamume anayewapenda wanaume. Tena pwani neno hilo tangu zamani ni la mwanamke kumwita rafiki yake mwanamke. "Jinsia mbili" na "huntha" ni za watu waliozaliwa na maumbile yasiyoangukia wazi upande wa kike wala wa kiume, ambao Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019 na kupata 1,524. Wapo waandishi wanaomwita mtu wa transi "mwenye jinsia mbili" kwa nia njema, kwa sababu jamii humhurumia zaidi aliyezaliwa hivyo. Ni uongo wenye gharama: unamnyang'anya msimulizi ukweli wake, na unawafanya wenye maumbile hayo kweli washukiwe. Njia salama ni kuandika neno ambalo mtu mwenyewe analitumia, hata kama ni sentensi nzima badala ya jina moja.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kinampa mwandishi zawadi ambayo wenzetu wa lugha nyingine wanaipigania. "Alikuja, akakaa, akaniambia" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kisukuma nacho kinaruhusu hivyo. Unaweza kuandika kurasa ishirini bila jinsia kujitokeza hata mara moja, na kwa mtu asiyejiona upande wowote hiyo ndiyo namna sahihi ya kumwandika.

Lugha yetu lakini inafichua kwa milango ya nyuma. Wa kwanza ni ndoa: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na kiambishi kimoja kinamaliza siri yote. Wa pili ni undugu na heshima. Wifi, shangazi na mjomba haviachi shaka, na mtaani mtu huitwa mama fulani au baba fulani kabla jina lake halijajulikana. Wa tatu ni majina ya ukoo huu na ule. Mwandishi akibuni jina la kuficha, akachagua Mabula, amesema ni mwanamume. Akichagua Kabula, amesema ni mwanamke. Kwa Wajaluo wa Mara ni vivyo hivyo, Otieno na Atieno. Kosa linalorudiwa mno ni kuchagua jina la bandia linalofanana na la kweli kwa kabila na maana. Mjomba mmoja akisoma, ameshajua.

Yapo maneno yanayosaidia: fundi, mwalimu, jirani, mpangaji, bosi. Mshona nguo ambaye mtaa mzima unamwita "fundi" tayari ana jina la heshima lisilo na jinsia. Mwandishi mwerevu hutafuta jina la namna hiyo ndani ya maisha ya msimulizi kabla hajabuni lake.

Sheria nayo inahitaji kusomwa ilivyo, kwa kuwa pande zote mbili huikuza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 154, inaadhibu tendo la kumwingilia mtu kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni kuanzia miaka 30 hadi maisha. Kifungu hicho hakitaji mavazi, jina wala namna mtu anavyojiona. Wala hakuna utaratibu wa kisheria nchini wa kubadilisha jinsia katika cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha NIDA, ndiyo maana kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, jambo la dakika tano kwa wengine, ni tukio zima katika maisha ya mtu wa transi. Anayeandika siku ya kawaida asiache foleni hiyo.

Hatari huingia simulizi inapotaja mpenzi. Sentensi moja ya mapenzi, iliyosemwa kwa furaha, inaweza kusomwa kama kukiri kosa. Wahariri waangalifu huiondoa. Wanaopinga uamuzi huo wanasema mtu asiye na mapenzi ni nusu mtu, na kwamba msomaji atadhani watu hawa wanafua, wanapika na kulipa kodi tu. Wana haki. Hata hivyo naona sentensi hiyo ibaki katika rekodi na isiingie katika chapisho. Miaka 30 ni mingi mno kulipia ukamilifu wa makala.

Pande tatu za Ziwa Victoria zimetoa mafunzo yasiyofanana. Oktoba 2010 gazeti dogo la Kampala lilichapa picha na majina ya watu ambao lilidai ni mashoga, na wito wa kuwanyonga. David Kato, mwanaharakati wa haki za mashoga aliyewekwa ukurasa wa mbele, alikwenda mahakamani na wenzake na mapema Januari 2011 wakashinda. Tarehe 26 mwezi huohuo aliuawa nyumbani kwake. Chanzo cha mauaji kilibishaniwa, lakini hofu iliyoachwa na ukurasa ule haikuhitaji ushahidi. Tangu 2023 sheria mpya ya Uganda inaadhibu pia "kuhamasisha" ushoga kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20, hivyo simulizi iliyoandikwa Mwanza ikivuka maji kuelekea Entebbe inaingia chini ya mizani nyingine.

Kenya ilitoa picha tofauti. Audrey Mbugua, mwanamke wa transi, alisimulia maisha yake waziwazi, kwa jina lake, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina hilo na kisicho na alama ya jinsia. Hapo simulizi ilizaa karatasi, na karatasi huzaa ajira. Anayesema kusimulia hakuna faida hana jibu kwa cheti hicho.

Huku kwetu, Oktoba 2018, Paul Makonda akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwaomba wananchi watume majina ya mashoga. Serikali ikajitenga na tamko hilo siku chache baadaye. Ukitazama Kampala na Dar es Salaam kwa pamoja, kitu kimoja kinajirudia: orodha ya majina. Mradi wowote wa masimulizi unaotunza orodha ya majina umewafanyia wabaya kazi yao.

Hapo sheria inaleta kitendawili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kushughulikia taarifa nyeti za mtu. Ni ulinzi mzuri: hakuna wa kudai "alikubali kwa mdomo". Lakini fomu ishirini zenye sahihi ndani ya bahasha moja ni orodha. Suluhisho lenye madhara madogo ni kuiandika ridhaa na kuitenganisha na simulizi: fomu ina jina bila maudhui, rekodi ina namba bila jina, na karatasi inayounganisha namba na jina inakaa kwa mtu wa tatu, tena katika mkoa mwingine. Anayeshika rekodi asiishike karatasi hiyo hata kwa usiku mmoja.

Ridhaa yenyewe iulizwe mara nne: kabla ya kurekodi, baada ya kurekodi simu ikiwa imezimwa, baada ya msimulizi kusomewa toleo lililohaririwa, na kila simulizi inapohamia mahali papya, tuseme kutoka kijitabu kwenda redioni. Wengi huuliza mara ya kwanza tu. Msimulizi aambiwe bila kuzungushwa kwamba baada ya kuchapishwa intaneti hairudishi kitu. Fedha pia ziwe wazi: nauli na fidia ya muda zilipwe kabla ya mazungumzo na zisitegemee kilichosemwa. Ukilipa mwishoni, utapata machozi yaliyopangwa.

Kuhusu kurekodi, swali baya la kwanza ni "ulianza lini kuwa hivi?" Litakupa hotuba iliyokaririwa semina. Anza na jana. Uliamka saa ngapi? Maji ulichota wapi? Nani alikuwa wa kwanza kukusalimia, na alikuitaje? Pitia saa hadi saa mpaka kulala. Vikao vitatu vya dakika 40 hadi 60 ni bora kuliko kimoja cha saa tatu, kwa kuwa cha kwanza mtu anajilinda na cha pili anasahihisha cha kwanza. Usikutane nyumbani kwake, majirani huhesabu wageni. Wala gesti, ambako majina huandikwa kitabuni. Saa moja ya sauti isiyobanwa, chaneli moja, ni kama megabaiti 300, na kuiandika neno kwa neno huchukua saa nne hadi sita za mtu mzoefu. Anayeahidi simulizi ishirini kwa mwezi atakata kona, na kona ya kwanza kukatwa huwa ni kumsomea msimulizi.

Video siipendekezi kabisa kwa Mwanza. Majabali yetu yana sura. Jiwe lililo nyuma ya nyumba humwambia mwenyeji ni kilima gani. Uso uliofunikwa kwa vijisanduku bado unaacha mwendo, mikono, pete na kitenge. Sauti iliyokunjwa na programu inaweza kukunjuliwa. Ni bora mtu mwingine aisome simulizi upya kwa sauti yake. Nyuma ya sauti kuna adhana ya msikiti fulani, honi ya kivuko cha Kamanga, konda anayeita vituo. Picha za simu hubeba ndani yake alama ya mahali zilipopigwa ikiwa kipengele hicho kimewashwa. WhatsApp huiondoa ukituma kama picha, ila ukituma kama dokumenti inabaki.

Je, undani utapatikana wapi basi? Katika mambo yanayowahusu maelfu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo wakati wa mbalamwezi mialo hupoa na fedha hukauka. Mitumbwini wengi ni wanaume, na wanaoanika ufukweni wengi ni wanawake. Mtu anayeishi kama mwanamke, akiinama kugeuza dagaa kwenye jua la saa tano, amekubaliwa na kazi kabla hajakubaliwa na watu. Na anayeishi kama mwanamume anakuta mtumbwini hakuna faragha hata ya haja ndogo. Hayo ni ya kweli kuanzia Kirumba mpaka Ukerewe, na hayamwelekezei mtu yeyote kidole. Kovu, mtaa, jina la mtoto, mwaka wa kufiwa: hayo ni ya mtu mmoja, yatolewe au yabadilishwe, na msomaji aambiwe wazi kwamba yamebadilishwa.

Hoja ya wazee na viongozi wa dini, kwamba haya ni mambo ya Wazungu, haifai kupuuzwa kwa kejeli. Zipo simulizi zilizoandikwa kwa kiolezo kilichotoka ng'ambo: utoto wa mateso, kujitambua, kukimbia, kuokolewa na shirika. Anayezisoma Sengerema haoni mtu wa Sengerema. Kasoro hiyo ni ya kiolezo, na dawa yake ni masimulizi zaidi ya hapahapa, yenye michango ya msiba, vikoba na ugomvi wa bili ya maji. Anayepinga kwa imani yake hatabadilika kwa kusoma hayo, na asilazimishwe. Ila itamwia vigumu kusema kwamba jirani yake alikuja na ndege.

Kwa hiyo irekodiwe sasa, na ichapishwe kidogo. Kumbukumbu ya watu waliozidi miaka sitini inapotea kila mwaka, na hiyo haisubiri sheria. Kuchapisha kunaweza kusubiri, au kuanza kwa kusomwa kwa sauti mbele ya watu kumi wanaoaminiana. Ni kweli kwamba simulizi iliyofungiwa haimsaidii kijana aliye peke yake Nansio usiku huu, na sina njia ya kulifuta deni hilo.

Kabla ya kikao cha kwanza kuna swali ambalo fomu nyingi hazina: msimulizi akifariki, rekodi ni ya nani? Ndugu ndio warithi kwa mazoea yetu, na ndugu hao wanaweza kuwa ndio waliomzika kwa jina alilolikataa. Aandike mwenyewe, akiwa hai, nani aamue kati ya kuitunza, kuifungua baada ya miaka aliyoitaja, au kuichoma.